Unataka kufanya utafiti wa tabianchi na watu wa Mukuru, Mathare ama Isiolo? Anzia hapa

Mukuru na Mathare ni mitaa ya mabanda hapa Nairobi, Isiolo ni kaunti ya wafugaji kule kaskazini, na hii nimewaandikia watu wa aina mbili. Kuna wewe uko chuo ama shirika hapa Nairobi, umeskia kuna pesa ya utafiti wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, wafadhili wanataka waone ushirikiano na jamii, na hujui uanzie wapi. Alafu kuna wewe uko kwa kikundi cha mtaa, mmezoea kuitwa kwa mitingi, mnapewa soda na nauli, mnajibu maswali saa mbili, na huyo mtu hamumwoni tena, na safari hii mnataka kukaa kwa meza tangu mwanzo. Wote nawaambia kitu kimoja: mambo makubwa yanaamuliwa mapema sana, kabla ata ya fomu ya kwanza kujazwa, na yule atakayetumia majibu asipokuwa hapo swali likitungwa, ile ripoti itaishia kabatini hata iwe nzuri aje.

Swali kwanza, proposo baadaye

Kawaida inaendanga hivi. Tangazo la pesa linatoka, zimebaki wiki chache, mtu anajifungia na laptopu anaandika kila kitu peke yake, siku mbili kabla ya kufunga ndio anapigia kiongozi wa kikundi simu, "chairman tunaomba barua ya kutuunga mkono." Hapo swali limeshatungwa, bajeti imeshagawanywa, na kikundi kimeachiwa kazi ya kuitisha watu tu. Ukijipata hapo, afadhali uache hilo tangazo lipite ungoje lingine, juu ata ukipata pesa utakaa miaka mitatu ukijibu swali ambalo hakuna mtu wa huko aliliuliza.

Funzo tuko nalo hapa hapa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya themanini mti wa mathenge ulipandwa Baringo kupigana na jangwa. Ni mti unavumilia ukame, unatoa kuni, unashika udongo, na yote hayo ni kweli. Lakini waliobaki kuishi nao ni wafugaji wa Ilchamus, mti ukasambaa ukameza malisho, maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, mpaka mwaka wa 2006 wakaenda kortini na mbuzi asiye na meno akapelekwa kama ushahidi. Wataalamu walikuwa wanauliza ukijani utarudi vipi, mfugaji yeye anauliza mnyama wake atakula nini, na mtu anaweza kujibu swali la kwanza vizuri kabisa na bado amuumize huyo wa pili.

Kwa hivyo nenda mapema, wakati hakuna tangazo lolote, na usiulize watu "mnaathiriwa aje na tabianchi". Hilo swali kila mtu Mukuru ameshaulizwa na jibu analijua kwa kichwa. Uliza mtu ni uamuzi gani unamsumbua. Mama wa mboga aliye karibu na mto anataka kujua ni wiki gani ahamishe stoki yake. Mwenye ploti anajiuliza kama ainue sakafu ama angoje, juu akiweka pesa hapo na kesho kanjo wabomoe amepoteza. Injinia wa kaunti anataka kujua kalvati iwe ya ukubwa gani. Mfugaji wa Isiolo anataka kujua lini afungue malisho ya kiangazi, na kama majirani wa kaunti ile ingine watakuwa wamekuja tayari. Andikeni hizo maamuzi zote kwa karatasi kubwa ukutani, kila moja na mwenyewe, na mwezi ambao inafanywa. Swali la utafiti litoke hapo. Kama swali lako haliguzi hata moja ya hizo, tafuteni lingine.

Na hapo kwa mwezi usipite haraka, juu kaunti inaenda na kalenda ya sheria. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa ufike bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, karatasi ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Ukileta majibu yako mwezi wa tano na tabasamu kubwa, pesa zimeshapangwa, ngoja mwaka ujao. Watu wengi hulaumu kaunti ati haisikii watafiti na kumbe wao ndio walifika mlango umefungwa. Weka hizo tarehe kwa ratiba ya mradi kabla ya kuweka tarehe za makongamano.

Nani akae hapo

Chifu na MCA, yule mwakilishi wa wodi kwa bunge la kaunti, utawaenda tu, hiyo kila mtu anajua, na usipowaenda kazi italala. Lakini ukiishia kwa chifu na wazee wa kijiji utapata picha ya watu wenye nyumba na wenye sauti. Tafuta wapangaji. Tafuta wahudumu wa afya wa jamii, wale wanaingia kila nyumba na wanajua mtoto gani alihara baada ya mafuriko gani. Tafuta vijana wanaozoa takataka, hao wanajua mtaro umeziba wapi kushinda ramani yoyote. Wauza maji, wenye vyoo vya kulipia, walimu wakuu, wote hao. Na wenye ploti wasioishi hapo, hata kama ni shida kuwapata, juu mwishowe wao ndio watakubali ama watakataa mtaro upite kwa ukuta wao.

Mfano mzuri wa kusoma ni Mukuru. Mwezi wa nane 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la kupangwa, familia kama laki moja zinaishi hapo. Hilo tangazo halikutoka hewani. Nyuma yake kulikuwa na miaka ya utafiti na kujipanga, Muungano wa Wanavijiji, ule umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda, na mfuko wao wa Akiba Mashinani Trust wakiwa na vyuo vikuu na mawakili, wakahesabu, wakaonyesha kwamba mtu wa Mukuru analipia maji bei ya juu kushinda mtu wa mtaa wa kifahari, na hiyo ndio ilikuwa ngumu kwa serikali kupuuza. Baada ya hapo mashirika zaidi ya 40 yakagawanywa kwa makundi, maji na vyoo, afya, elimu, ardhi, fedha na mengine, na wakazi wakapangwa kwa makundi madogo ya majirani, kila kundi likitoa mwakilishi wa kubeba maneno yao kwenda juu. Hilo la majirani ndilo ningewaambia muige kwanza. Ukiitisha baraza la watu mia tano wanaongea watu sita, lakini majirani kumi wakikaa mlangoni kwa mtu, hata yule mama mnyamaza atasema maji yaliingia saa ngapi.

Baadaye, kuanzia 2020, barabara na mabomba ya maji taka yalianza kuingia Mukuru. Pia ni kweli kwamba mwisho wa 2021 nyumba nyingi sana za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa, mpango ukiwa upo. Nasema hii ndio mtu asiende kuahidi wakazi kwamba utafiti utawalinda. Utawapa silaha ya kuongea, na hiyo ni kitu kikubwa, lakini uwaambie ukweli tangu siku ya kwanza.

Kule kaskazini watu wa kukaa nao ni wengine. Waborana wa Isiolo wana dedha, baraza la wazee linaloamua malisho ya mvua, ya kiangazi, na yale ya akiba ya ukame mkali. Huko jamii ilikaa na watafiti mbele ya picha za satilaiti wakaonyesha visima, njia za mifugo na mipaka ya dedha, ramani ikatoka na majina yao wenyewe. Isiolo pia ndio ilianza mfuko wa kaunti wa tabianchi, alafu Garissa, Kitui, Makueni na Wajir wakafuata, na mpangilio ulikuwa asilimia 70 ya pesa iende kwa miradi iliyochaguliwa na kamati za wodi, 20 kwa miradi ya kaunti nzima na 10 kwa uendeshaji. Siku hizi kuna FLLoCA, programu ya serikali ya kupeleka pesa za tabianchi kwa kaunti, na kamati za tabianchi za wodi zipo. Kama unafanya utafiti kwa wodi na hujawahi kukaa na hiyo kamati, simama kwanza uwatafute.

Pesa na karatasi

Hapa ndio urafiki huvunjikia, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kila mshirika aweke sahihi, kabla ya proposo kutumwa. Iseme nani anashika pesa na zinatoka lini. Iseme mkazi anayekusanya data analipwa ngapi kwa siku, na siku ya mafunzo nayo inalipwa. Iseme data inakaa kwa nani, nani anaweza kuitumia bila kuuliza, majina ya akina nani yataandikwa kwa ripoti kama waandishi. Na iseme mkikosana mnaenda kwa nani.

Kitu kinaumiza vikundi vidogo kushinda vyote ni ule utaratibu wa "tumia pesa yako kwanza, leta risiti, tutakurudishia". Shirika kubwa lina akiba, kikundi cha akina mama hakina. Wakitoa pesa ya chama kukodisha ukumbi na kulipa vijana, na marejesho yachelewe miezi minne, umeua chama cha watu kwa sababu ya utafiti wa kuwasaidia. Mpiganie pesa ya mbele, hata kama ni kidogo kidogo kila mwezi, na mkubaliane na mhasibu kwamba ujumbe wa M-Pesa ni risiti, kwa sababu mtu wa mkokoteni hana kitabu cha risiti na hataanza kuwa nacho juu yako.

Gawanyeni bajeti mbele ya kila mtu. Kama chuo kinachukua asilimia fulani ya gharama za ofisi, na kikundi nacho kiwe na yake, wao pia wanalipa kodi ya chumba na stima. Ukiona kwenye bajeti kuna tiketi za ndege za mkutano wa ng'ambo na hakuna pesa ya kurudisha majibu mtaani, hiyo bajeti rudisheni.

Kwa wale mnafanya na washirika wa nchi zingine, kuna kazi kubwa moja ya kuangalia, CARIAA, programu ya utafiti wa kukabiliana na tabianchi iliyolipiwa na IDRC, shirika la Canada la kufadhili utafiti, na serikali ya Uingereza kuanzia 2012 mpaka 2019. Walikuwa na konsoshiamu nne, yaani miungano ya taasisi, wakachukua maeneo magumu ya aina tatu, nchi kame, delta za mito mikubwa, na mabonde ya mito inayolishwa na barafu ya Himalaya. Kenya ilikuwa ndani upande wa nchi kame. Jambo nalipenda hapo ni kwamba waliweka pesa pembeni kwa ajili ya vitu vinavyojitokeza katikati ya safari, washirika wa konsoshiamu tofauti wakiona kitu wanaweza kufanya pamoja. Fanyeni hivyo hata kwa mradi mdogo. Acheni sehemu ya bajeti haina jina, juu mafuriko hayatangoja mpaka mwaka wa pili wa ratiba yenu, na yakija ndio wakati wa kupima na kusikiliza.

Na mitingi za mtandao na washirika wa nje, tafadhali, zipangeni saa ambayo mtu wa mtaa anaweza kuwa hapo, mumpe bando, na muongee Kiswahili angalau nusu ya wakati, yule profesa wa mbali ndio awekewe mkalimani.

Vibali

Hii haraka. Unahitaji idhini ya kamati ya maadili iliyotambuliwa, alafu leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, zote mbili kabla ya kukusanya chochote, na ukienda kaunti yoyote ripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa hiyo kaunti. Mtafiti wa kigeni lazima awe na taasisi ya hapa inayomshikilia. Pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na inakuhusu ukichukua majina, namba za simu, picha za nyuso, mahali mtu anaishi. Anza miezi kadhaa mapema. Kamati za maadili zinachukua muda na huwezi kuwalaumu, kazi yao ni kuwa waangalifu.

Kazi yenyewe ya uwanjani

Anza na data iliyopo, usichoshe watu kwa vitu vimeshaandikwa. Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner wana rekodi ndefu, waandikie barua mapema. NDMA, mamlaka ya taifa ya kukabiliana na ukame, hutoa taarifa ya ukame kila mwezi kwa kaunti 23 za nchi kame. ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda hii, huleta pamoja nchi za Pembe ya Afrika kila msimu kutoa utabiri, wamefanya hivyo tangu 1998. Data ya mvua ya CHIRPS, inayotokana na satilaiti na stesheni, ni ya bure na inaanza 1981, lakini ujue kila mraba wake ni kama kilomita tano kwa tano, yaani Mathare karibu yote inaingia kwa mraba mmoja ama miwili. Haitakuambia kwa nini Kosovo, kijiji kimoja cha Mathare, imefurika na jirani yake hapana.

Hapo ndio vipimo vyenu vinaingia. Kuna watafiti waliweka vidude vya kupima joto ndani ya mitaa ya Kibera, Mathare na Mukuru msimu wa kiangazi wa 2015 na 2016, wakalinganisha na stesheni ya Dagoretti, na joto la mchana mtaani lilikuwa juu kwa digrii kadhaa. Stesheni iko kwa nyasi na miti, mtu analala chini ya mabati. Kwa hivyo mtu akisema "mtaa wetu umekuwa na joto" na rekodi rasmi haionyeshi sana, usimwambie amekosea, peleka kipimo nyumbani kwake.

Mvua nayo ukitaka kuipima vizuri weka vipima mvua shuleni, na usiweke mtaani pekee, weka na kule juu mto unakotoka. Maji yanayoingiza Mathare hasara mengine yamenyesha mbali, na jua linaweza kuwa limewaka mtaani mchana wote.

Kumbukumbu za watu ni data, ila uziulize kwa njia ya watu. Ukimuuliza mzee "mafuriko ya 1998 yalifika wapi" anaweza kukwama, ukimwambia ile El Nino kubwa, anasimama anakuonyesha kwa ukuta kwa mkono. Tumia uchaguzi wa 2007 na wa 2017, tumia mwaka wa Korona, tumia mafuriko ya 2024. Pima hiyo alama ya mkono kwa tepu, piga picha, weka mahali, fanya hivyo nyumba nyingi, na utapata ramani ya kina cha maji ambayo hakuna ofisi iko nayo. Tembeeni mtaa na wakazi mara mbili, mara moja kiangazi na mara moja mvua ikinyesha na gumboti. Mtaro unaoonekana mzima mwezi wa pili ni kitu kingine mwezi wa nne.

Angalia na saa unaenda. Mukuru watu wengi wanatoka alfajiri kwenda viwandani, ukija saa nne asubuhi utaongea na wale hawakupata kibarua siku hiyo na akina mama wenye watoto wadogo, na utaandika ripoti ukidhani umeongea na Mukuru. Nenda jioni, nenda Jumapili baada ya kanisa. Wanawake wakae peke yao kwa mazungumzo fulani, hasa ya vyoo na usalama usiku wa mafuriko. Vijana wanaokusanya data watoke hapo hapo, na wafundishwe kutumia KoboToolbox ama ODK, programu za kukusanya data kwa simu, mpaka waweze kutengeneza dodoso lao wenyewe. Dodoso lijaribiwe kwa maneno ambayo watu wanaongea nyumbani, na swali lolote linalofanya watu watatu waulize "unamaanisha nini" litupwe.

Maarifa ya wenyeji kuhusu hali ya hewa msiiweke kama pambo la ripoti. Kule Vihiga ukoo wa Nganyi wamejulikana kwa miaka mingi kwa kusoma miti, wadudu na ndege kutabiri mvua, na wanasayansi wa Idara ya Hali ya Hewa wakakaa nao, kila upande ukileta utabiri wake, wakajadiliana mpaka wakatoa neno moja la kupelekea wakulima. Ile ya kukaa mpaka mkubaliane ndio kazi. Garissa nako kulianza mikutano ya msimu ambapo mtu wa hali ya hewa anasema kuna uwezekano kiasi gani mvua iwe juu ya kawaida, ya kawaida ama chini, na wafugaji, wakulima na maafisa wanaandika hapo hapo: ikiwa juu tutafanya hivi, ikiwa chini tutafanya hivi. Hiyo njia ikasambaa kaunti zingine. Mkulima anaondoka na mipango mitatu, na hiyo ni heshima, juu utabiri hauna uhakika na yeye ni mtu mzima anaweza kubeba hilo.

Muwe wakweli pia kuhusu utabiri una nguvu wapi. Mvua za vuli, Oktoba mpaka Desemba, zinafuata sana hali ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, ndio maana 2019 na 2023 zilikuwa nzito. Mvua za masika ni ngumu kutabiri mapema. Na kutoka mwisho wa 2020 misimu mitano ilikosa mfululizo kule kaskazini, kitu ambacho hata wazee hawakuwa nacho kwa kumbukumbu. Satilaiti nayo inaona ukijani, lakini mfugaji ndio anajua kama ule ukijani ni nyasi ama ni mathenge.

Ramani inaweza kubomoa nyumba ya mtu

Hii msome mara mbili. Machi mpaka Mei 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 nchini, Mathare ikiwa kati ya mitaa iliyoumia sana Nairobi, na muda mfupi baadaye serikali ikaanza kubomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Sasa fikiria wewe ulikuwa na faili inaonyesha kila nyumba iliyo karibu na mto, jina la mwenyewe, simu yake, watoto wangapi. Ulikusanya ndio umsaidie kuhama mapema akionywa. Mtu mwingine akiishika, ni orodha ya kubomoa.

Kabla mchore chochote, wakazi na nyinyi muulizane: nani anaweza kuitumia hii kutuumiza? Kuna mambo ya kufanya. Ramani ya wazi ionyeshe maeneo, isionyeshe nyumba moja moja. Majina na namba zikae faili tofauti yenye neno la siri, na zifutwe tarehe mliyokubaliana. Msiweke kwa OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni ya wazi, kitu ambacho wakazi hawajasema ndio, juu kikishaingia hapo ni cha dunia nzima. Kila ramani ya hatari iende na ramani ya pili, ile ya mahali watu wanaweza kuhamia karibu na kazi na shule zao, na gharama yake. Ramani ya hatari ikienda peke yake kwa ofisi inasomwa kama sababu ya kutoa watu. Zikienda mbili lazima mtu ajibu na upande wa pili. Mimi hapa sina msimamo wa katikati, mtafiti anayechapisha data ya nyumba za watu bila ruhusa yao kwa sababu jarida limeitisha data iwe wazi, amewasaliti waliomfungulia mlango. Jarida liandikiwe barua, mengi yanakubali sababu ya usalama wa watu.

Kurudisha majibu

Majibu ya kwanza kabisa yaende mtaani, kabla ya kongamano na kabla ya jarida, na yaende yakiwa bado yanaweza kubadilishwa. Chapisha ramani kubwa kama kitanda, iweke chini kwa ukumbi, wape watu kalamu. Watakuambia hapa mmekosea, hii kalvati iliziba 2022 maji sai yanapita nyuma ya kanisa. Hiyo ni siku ya kazi kama zile zingine, ilipiwe. Redio za mtaa ziko, Ruben FM Mukuru, Pamoja FM Kibera, Koch FM Korogocho, enda na mkazi mliyefanya naye ndio aongee, wewe ukae pembeni ujibu ukiulizwa.

Kwa kaunti peleka kurasa mbili, na wakazi wakiwa kwa kikao. Kurasa mbili zinasema tatizo, mahali, gharama, na ofisi gani inaweza kufanya nini kwa mwaka huu wa fedha. Nairobi ina mpango wake wa tabianchi wa 2020 mpaka 2050, taja ni sehemu gani ya huo mpango unasaidia, afisa anapata mahali pa kukushikilia anapoongea na bosi wake. Maafisa wa kaunti wengi wanajua kazi yao vizuri na wanatafuta data ya kupigania bajeti, waite tangu mwanzo, wasije kuletewa ripoti kama kesi. Na ujue watahamishwa, kwa hivyo kaa na wawili ama watatu kwa kila idara.

Kabla mfunge akaunti ya mradi, mwandike nani anabaki na vipima mvua, nani anabadilisha betri za vidude vya joto na pesa inatoka wapi, na data inasomwa wapi kila mwezi. Nakala ya data yote isiyo na majina iachwe kwa diski kwa ofisi ya kikundi na nyingine kwa ofisi ya wodi, na watu wawili wa mtaa wawe wanajua kuifungua na kuchora grafu. Kama kipima mvua kiko shule, mwalimu mkuu apewe barua na jina la mwalimu wa pili liwe hapo, juu yule wa sayansi aliyependa hiyo kazi anaweza kuhamishwa muhula ujao.